Mposho ya watoto itangulie

SWALI: Jambo Mama. Nina mapacha wa miaka saba. Baba yao tuliachana, sasa anachimba kobalti huko Kolwezi. Mwaka jana tribinali ilimwamuru atoe dola 100 kila mwezi. Alileta miezi miwili, kisha akazima simu. Dada zangu wanasema nimshitaki tena, safari hii afungwe. Mimi nauza makala ya kupikia, na watoto wanakula mara moja kwa siku. Nifanye nini?
Mama Mapasa, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama Mapasa, asikwambie mtu kwamba unaombaomba. Kanuni ya Familia, kifungu cha 591, inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, azaliwe ndani ya ndoa ao nje.

Lakini hizo dola 100 zilipimwa kwa kipimo gani? Mchimbaji hana karatasi ya mshahara. Wiki hii anauza mifuko mitano, wiki ijayo shimo limejaa maji, anakula kwa deni. Sheria yenyewe inataka matunzo yalingane na mahitaji ya mtoto na uwezo wa anayetoa. Katika kesi nyingi nilizosindikiza, huo uwezo hakuna aliyeuuliza: mama alitaja kiasi, baba akanyamaza, kikaandikwa. Deni likifika dola 800, maskini haoni pa kuanzia, anakimbia. Simtetei hata kidogo. Ila akifungwa, watoto watakula nini?

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Mposho, ndio chakula kampuni iliyogawia wafanyakazi, ilitangulia: unga uliingia nyumbani mbele ya mshahara, na hata mwezi baba alipomaliza hela kwenye pombe, sisi tulikula bukari (ugali). Watoto wako nawatakia hivyo hivyo. Rudi tribinalini, omba kiasi kipimwe upya: mfuko wa unga wa kilo 25 kila mwezi, na hela kidogo kwa simu kila anapouza mawe. Ujumbe wa simu usifute hata mmoja, ndio ushahidi wako. Deni la zamani usilisamehe. Liandikwe pembeni, alipe polepole. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini madaftari na viatu bado vinanunuliwa, navyo viandikwe.

Kabla ya hakimu, wapeleke mapacha kwa nkambo wao, mama ya huyo mwanaume. Namba mpya ya mwanawe anayo. Akikupa, niandikie.