Shamba lenye chumvi: miti sawa, lakini chimba mtaro kwanza

Mkuu uliyeuliza kuhusu ekari mbili zilizoota ungaunga mweupe wa chumvi, na unafikiria kuziuza, usiuze kwanza. Mimi nalima tambarare ya Kahe, chini ya Moshi, na hapo ulipo nilishapita: mahindi yanaota vizuri, yakifika magotini ncha za majani zinaungua, na asubuhi unakuta ng'ombe wa jirani wanalamba shamba lako.

Waliotangulia wamekwambia panda miti, eti inakula chumvi. Haili. Mti unakunywa maji ya chini, basi. Sisi wa mifereji tumemwagilia miaka na miaka bila kuweka pa kuyatolea maji, yakapanda karibu na uso wa shamba. Jua linayavuta, maji yanaondoka, chumvi inabaki. Mti wenye mizizi mirefu unayashusha, na majani yake yakifunika ardhi jua halifyonzi sana. Ila chumvi yenyewe iko palepale mpaka mvua iioshe na ipate pa kutokea. Mimi nilianza na miti bila mtaro wa kutolea maji, nikajuta.

Msimu ule nilipanda miche 200 juu kabisa ya matuta, nikijiona mjanja kwamba nimeikwepesha na maji yanayotuama. Haikufika miezi miwili, karibu yote ilikuwa vijiti. Nilipofukua, kilele cha tuta kilikuwa na gamba jeupe, ukigusa ulimini unatema. Kumbe tuta linanyonya maji kutoka chini na ubavuni, yanakaukia kileleni, na chumvi yote inajikusanya huko. Mzee wa shamba la pili alicheka mpaka akakaa: "Mwanangu, umepanda miti kwenye kopo la chumvi!"

Mara ya pili nikachimba mtaro kwanza, halafu nikapanda begani mwa tuta, si juu wala si bondeni. Shimo la kufika goti, nusu debe la samadi iliyooza, na nikangoja masika yachanganye ili mvua ioshe shimo. Mvinje ulishika kuliko yote. Mti unaoota ufukweni ukipigwa na upepo wa bahari hautishwi na Kahe. Mwarobaini nao ulivumilia. Lusina, ule mti wa malisho, ilikufa katikati ya shamba, ikapona pembeni tu. Mathenge, ule mti wa miiba (Prosopis), usiguse hata ukipewa bure. Unastahimili chumvi kweli, lakini waulize watu wa Baringo, Kenya, walikoletewa miaka ya 1980: ulivamia malisho, na 2006 walimpeleka mahakamani, kama ushahidi, mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda ya mbegu zake.

Safu za miti ziache zikiwa mbali na zenzake, mimi nimeacha hatua 20, maana karibu na mvinje mazao yanadumaa. Katikati nilianza na mtama. Mahindi yalirudi mwaka wa nne, tena si kila mahali. Maharage sahau kwa sasa, hayo yanaanza kupunguza mavuno chumvi ikifika desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha chumvi ya udongo), wakati udongo unahesabiwa wa chumvi ukifika 4.

Halafu hakikisha ni chumvi na si magadi (udongo wenye sodiamu nyingi), maana dawa zake mbili tofauti. Weka udongo kidogo kwenye chupa safi, jaza maji ya mvua, tikisa taratibu, acha mpaka kesho. Maji yakitulia na kuwa maangavu, yaelekea ni chumvi ya kawaida: mtaro na maji ya kuoshea vitakusaidia. Yakibaki tope kama chai ya maziwa, shuku magadi. Hapo udongo umeziba, maji hayapiti, na utahitaji jasi kabla ya kufikiria mche wowote. Kiasi cha jasi usikisie, peleka udongo ukapimwe. TARI Mlingano, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo kule Tanga, kazi yao ndiyo hiyo.

Fanya hiyo ya chupa leo jioni, kesho weka picha hapa tuione.