Kabla Hujaanza Kupimiwa

Mwezi wa tatu baada ya kuachishwa kazi ndipo nilipoanza kumwambia Mangi wa dukani, "Nipimie mafuta ya kula ya jero." Anachovya kikombe kwenye ndoo, anamimina kwenye kimfuko, anapiga fundo. Asubuhi jero, yaani mia tano, jioni jero. Siku moja nikakaa na daftari nikapiga hesabu: elfu thelathini kwa mwezi. Hiyo ni bei ya dumu zima la lita tano, ambalo kwetu, watu watano, linafika siku arobaini.

Nikaangalia sukari ya robo, mkaa wa kopo, sabuni ya kipande. Kote hadithi ile ile. Nilidhani nimebana matumizi kwa sababu kila nikienda dukani natoa hela ndogo, kumbe kila kitu nilikuwa nakinunua kwa bei ya juu kuliko nilipokuwa na mshahara.

Kwa hiyo wewe uliyepewa barua ya kuachishwa kazi wiki hii, nakuomba uiangalie sana ile hela ya mwisho. Yangu niliiacha kwenye simu. Hela ya kwenye simu haikai: leo bando, kesho mchango wa kitchen party, keshokutwa shemeji amekwama. Wiki ya tano nilibaki na laki mbili na sikuweza kueleza nyingine zimekwenda wapi.

Ingekuwa leo, ningeanza na kodi ya nyumba. Kisha siku hiyo hiyo ningekwenda sokoni Tandale, hapa Dar es Salaam, kuchukua mchele, unga na maharage ya miezi miwili, ninunue dumu la mafuta, nijaze mtungi wa gesi. Chakula kikiwa ndani, hela ya kibarua inayoingia kwa kudonoadonoa inaweza kulipa nauli ya kwenda kutafuta kazi.

Na kama ulikuwa unachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania, usikae. Lipo fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake. Mimi nililisikia kwa jirani, nikiwa nimeshakopa.

Umeme ndio pekee ninaoununua kidogo kidogo bila kuumia, maana kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kununua kidogo kidogo hakupandishi bei ya uniti. Nanunua ya elfu mbili ili nione inaisha lini. Hivyo ndivyo nilivyogundua kuwa pasi ndiyo inayokula umeme. Sasa nguo za shule zinapigwa zote Jumapili, mara moja.

Michango ilinisumbua roho kuliko vyote. Niliogopa kusemwa. Mwishowe nikawaandikia kwenye kundi la familia: "Ndugu zangu, kazi imeisha, mwaka huu sitaweza kuchangia." Shangazi akanipigia jioni ile ile, akaniuliza watoto wamekula nini. Laiti ningeandika mwezi wa kwanza.

Jihadhari tu na jambo moja: vitu vikijaa stoo, mkono unakuwa mwepesi. Dumu la sasa nimelichora mistari kwa kalamu ya wino mzito, wiki kwa wiki. Leo Alhamisi, mafuta bado yako juu ya mstari, kama upana wa kidole.