Barua kwa Mwanangu Zuhura: Kuhusu Seli Zinazokubali Kukomaa

Tanga

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza jambo moja tu: uache kazi ya wodini kwa miaka mitatu ukubali nafasi ya utafiti uliyopewa Paris, katika maabara inayotafuta dawa za kuzibadili hali seli za saratani badala ya kuziua, au ubaki na wagonjwa wako na tibakemikali, dawa za kuua seli, ambayo tayari unaijua? Hilo ni swali la maisha yako, na nitalifikia. Lakini ndani yake nimeona swali jingine ambalo hukuliandika, kama kweli seli iliyokwisha kuharibika yaweza kurudishwa kwenye njia yake, na hilo ndilo ninaloweza kulijibu bila kusitasita, maana nimeliona kwa macho yangu.

Unamkumbuka kaka yako Bakari wa shangazi Mwanaidi, na unaukumbuka mwaka ule wa mvua za El Niño. Ulikuwa bado shule ya msingi, nasi tulikuambia kwamba Bakari amepungukiwa na damu, maneno ambayo hayakuwa uongo ingawa hayakutosha. Aliletwa kutoka Pangani akivuja damu kwenye fizi, na mapaja yake yamejaa mabaka meusi ambayo hayakutokana na kipigo wala kuanguka. Nilitandaza damu yake kwenye slaidi, nikaipaka rangi ya Leishman, nikaiweka chini ya hadubini. Nilikuta seli nyeupe changa za aina moja, zenye punje nyingi za zambarau, na ndani ya baadhi yake vijiti vyembamba vyekundu vilivyolundikana hata havihesabiki. Hivyo ndivyo vijiti vya Auer, na vinapolundikana namna ile fundi wa maabara aliyefunzwa vizuri hahitaji kupekua zaidi: ni saratani ya damu ya promielosaiti, yaani ya seli nyeupe changa zilizokwama, ambayo Hillestad wa Norwei aliieleza mwaka 1957 kuwa ugonjwa wa peke yake, na ambayo hukimbilia kuua kwa kuvujisha damu, mara nyingi kabla ndugu hawajamaliza kukusanya nauli ya rufaa.

Unalijua neno langu: tazama kwanza, ndipo uamue. Mmelisikia nyote tangu mkiwa wadogo, na ndugu zako wamelichoka, lakini siku ile ndilo lililompatia Bakari nafasi. Daktari aliyempokea Dar es Salaam alipoiona slaidi ile alijua kwamba kuna dawa ya maradhi hayo hasa, tena dawa isiyoua seli. Alikuwa amesoma habari za Profesa Wang Zhenyi wa Hospitali ya Ruijin, Shanghai, ambaye mwaka 1985 alimpa mtoto wa kike wa miaka mitano asidi ya retinoiki, dawa itokanayo na vitamini A ambayo hapo awali ilitumika kwa magonjwa ya ngozi, na mtoto yule akapona. Mwaka 1988 yeye na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 24: wote walipata nafuu kamili, yaani ugonjwa haukuonekana tena kwa vipimo, 23 kwa dawa hiyo peke yake na mmoja baada ya kuongezewa tibakemikali kidogo. Wafaransa wa Hospitali ya Saint-Louis, huko huko Paris unakoitwa, waliyathibitisha matokeo hayo mwaka 1990.

Sababu yake unaijua kuliko mimi, lakini niruhusu niieleze kama ninavyoielewa, ili unisahihishe. Mwaka 1977 Janet Rowley wa Chicago na wenzake walionyesha kwamba katika maradhi haya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, ya 15 na ya 17 hubadilishana vipande. Pale zinapoungiana hutokea protini isiyostahili kuwapo, ambayo hukalia jeni zinazoiamuru seli ikomae na kuzinyamazisha. Basi seli hukwama katika uchanga wake kama mwanafunzi anayekaririshwa darasa lilelile kila mwaka, na kwa kuwa haikomai, haifi kwa wakati wake, bali huzaana hadi kuujaza uboho wote. Asidi ya retinoiki kwa kipimo kikubwa huifungua protini ile, na amri ya kukomaa ikasikika tena.

Vidonge hivyo havikuwapo nchini wakati ule. Ami yako Nassor alivitafuta Muscat kwa taabu ambayo hata leo hapendi kuisimulia, akavituma kwa mkono wa msafiri. Nami nilichukua likizo nikakaa Dar es Salaam, na mafundi wenzangu wa maabara ile, Mungu awalipe, waliniruhusu kuisoma damu ya mpwa wangu kila ilipotolewa. Mwanzoni seli nyeupe ziliongezeka badala ya kupungua, jambo lililotutia hofu. Kisha akapanda homa, pumzi zikawa fupi na mapafu yakaanza kujaa maji. Siku hizi mnalo jina la hali hiyo, mnaijua kuwa huzuka seli nyingi zinapokomaa kwa mkupuo, na mnaiwahi kwa sindano za deksamethasoni, kama alivyofanya daktari yule kwa busara. Lakini kuvuja damu kulikuwa tayari kumekoma.

Halafu ikaja asubuhi ambayo sijapata kuiona tena katika kazi yangu yote. Kwenye slaidi kulikuwa na seli nyeupe iliyokomaa, kiini chake kimegawanyika vipande vitatu kama ipasavyo kwa seli iliyo tayari kuulinda mwili, na ndani yake kingali kijiti cha Auer. Unaelewa, Zuhura, maana ya jambo hilo? Seli yenye afya haina kijiti hicho. Kwa hiyo seli ile haikuwa mpya iliyokuja kushika nafasi ya iliyokufa. Ilikuwa ni ile ile ya saratani, imekua, na alama ya ugonjwa wake bado iko mwilini mwake. Nilisogeza slaidi nikaona nyingine, na nyingine. Nilimwita fundi wa meza ya jirani, naye akatazama, akanyamaza kwa muda, kisha akaenda kuwaita wenzake wote. Nikiambiwa leo nitaje siku moja ya furaha katika utumishi wangu, nitaitaja hiyo bila kufikiri.

Bakari alirudi Pangani, akarudia kazi ya boti, akala, akanenepa. Tibakemikali iliyopaswa kufuatana na vile vidonge hatukuipata kwa ukamilifu, maana fedha zilikuwa zimekwisha, na barabara nazo zilikuwa zimekatika kwa mvua. Habari za Shanghai zilikuwa zimekwisha kutuonya: kati ya wale 24, wanane walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi miwili hadi mitano. Mwili hujizoesha kuivunjavunja dawa ile upesi zaidi, na seli mama zinazouotesha ugonjwa hubaki ubohoni. Slaidi yake ya mwisho niliisoma mimi. Vijiti vilikuwa vimerudi vyote, na safari hii Muscat hakukuwa na la kutuma. Shangazi yako hajawahi kuniuliza niliona nini siku ile, nami namshukuru.

Kwa hiyo najibishana na nafsi yangu. Neno langu la kutazama lilimfaa nini Bakari, ikiwa nilitazama nikatambua mapema kuliko wengi, na bado tukamzika? Wakati mwingine husema kwamba kutazama bila dawa mkononi ni kumhesabia mtu siku zake. Kisha nakumbuka kwamba bila slaidi ile asingezipata hata zile siku za boti, wala dawa ya Shanghai isingemfaa kitu kama saratani yake ingekuwa ya aina nyingine ya damu, kwa kuwa haifungui mlango wowote isipokuwa huo mmoja. Sijaupata mwisho wa ubishi huu, na umri wangu unaniambia huenda nisiupate.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba mwaka uleule wa mvua, 1998, Wamarekani walitangaza kuwa kati ya wagonjwa 12 waliorudiwa na maradhi haya, 11 walipata nafuu kamili kwa aseniki, sumu ambayo Zhang Tingdong na wenzake wa Harbin walikuwa wameanza kuitumia tangu miaka ya 1970 kutokana na dawa za jadi. Aseniki huishika protini ile kwa upande mmoja, asidi ya retinoiki huishika kwa upande wa pili, na zikiungana huivunja kabisa. Mwaka 2013 Waitaliano na Wajerumani walionyesha kwamba kwa wagonjwa wasio katika hatari kubwa, dawa hizo mbili bila tibakemikali ziliwafanya asilimia 97 wawe hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka miwili, ilhali kwa asidi ya retinoiki pamoja na tibakemikali walikuwa asilimia 86. Shirika la Afya Duniani limeiingiza asidi ya retinoiki katika orodha ya dawa za lazima kwa maradhi haya mwaka 2015, na aseniki mwaka 2019. Na ni Paris hasa, kwa kazi ya Hugues de Thé na wenzake, ambako ilionyeshwa kwamba kukomaa kwa seli na kung'oka kwa ugonjwa ni mambo mawili: yaweza kuja la kwanza bila la pili. Niliposoma hayo nilimwona Bakari, mnene na mwenye furaha, akiondoka Dar es Salaam.

Najua utaniambia kwamba hayo ni ya saratani moja adimu. Ni kweli, ila nimefuatilia. Mwaka 2013 wagonjwa wa saratani ya thairoidi, tezi ya shingoni, ambao uvimbe wao ulikuwa umeacha kufyonza madini joto yenye mionzi, walipewa kwanza dawa iitwayo selumetinibu. Kati ya 20 waliopimwa, uvimbe wa 12 ulianza kufyonza tena, wanane wakafaa kupewa mionzi ile, na kwa watano kati yao uvimbe ukapungua. Hapo dawa haikuponya kitu yenyewe, iliirudisha seli katika hali ambayo tiba ya zamani iliweza kuifikia, na mimi naliona jambo hilo kuwa kubwa sana. Lakini hali hubadilika kwa upande wa pili pia: zipo saratani za mapafu ambazo, zikibanwa na dawa, hugeuka kuwa aina nyingine iitwayo ya seli ndogo, kali kuliko ya mwanzo, na daktari asiyekata kipande kingine na kukipima upya hutibu ugonjwa ambao haupo tena. Tazama kwanza, Zuhura. Na baada ya dawa, tazama tena.

Sasa kuhusu nafasi yenyewe. Ulimi unaniwasha, nawe unanijua, lakini mama yako amenikataza nisikuamulie, na nimemwahidi. Nitasema tu kwamba wagonjwa wako wa wodini wana haki juu yako, na hilo silipuuzi. Tena nitasema kwamba kijiti kile ndani ya seli iliyokomaa hakijapata kunitoka akilini. Kabla hujawajibu, mwandikie mkuu wa maabara hiyo umuulize swali moja: wanapoibadili seli hali yake kisha wakaiondoa dawa, seli hubaki ilivyogeuka au hurudi ilikotoka, na wameifuatilia kwa muda gani? Akikujibu kwa vipimo na picha za slaidi, niletee nizione nami. Akikujibu kwa matumaini tu, hapo nitavunja ahadi niliyompa mama yako.

Shangazi Mwanaidi anakusalimu, na anauliza utakuja lini.

Mimi baba yako