Kaiti ya kitambaa kimoja: mbona pua inajikunja?

Swali: Mimi ni msaidizi kwenye shule ya kaiti (tiara kubwa za kumvuta mtu juu ya ubao majini) hapa Paje, Zanzibar. Mgeni mmoja kaniachia kaiti ya zamani. Haina bomba la kupuliza wala mifuko ya kuingiza upepo; ni kitambaa kimoja tu, pembetatu iliyokatwa pua, na chini yake vikamba chungu nzima. Begi limeandikwa NPW5. Inaruka kwa kamba nne na vishikio viwili. Ikiwa katikati inaniburuza, lakini nikiipeleka pembeni au juu ya kichwa, pua inajikunja kwa chini na kaiti inaanguka. Nimelegeza breki, yaani zile kamba mbili za nyuma, kama tunavyofanya kwenye kaiti za kisasa, ikazidi. Je, imekufa? Naweza kuingia nayo baharini na ubao?

Jibu: Kaka, kwanza rudisha hizo breki ulizolegeza. Huenda kaiti yenyewe haina kasoro yoyote, ila unairusha kwa mikono iliyozoea kaiti za mifuko.

Kaiti ya mifuko ikishajaa upepo inabaki na umbo la bawa hata pembe yake na upepo ikiwa ndogo. Yako haina kitu ndani. Umbo lake linashikiliwa na vitu viwili: upepo unaosukuma kitambaa kutoka chini, na vikamba vinavyokizuia kisiende zake. Siku upepo unapoigusa pua kwa juu badala ya chini, hakuna cha kuizuia isijikunje. Na ukilegeza breki ndipo unapoikaribisha hali hiyo: nyuma inainuka, pua inainama, pembe inapungua. Kwenye kaiti ya mifuko jambo hilo huongeza mwendo. Kwenye hii linaiua.

Ukijua ilikotoka hutaishangaa. NPW ni kifupi cha NASA Para Wing, na NASA ni shirika la anga za juu la Marekani. Mwanzilishi wa mbawa hizi ni Francis Rogallo, mhandisi wa maabara ya Langley huko Virginia, Marekani, pamoja na mkewe Gertrude. Mwaka 1948 waliomba hataza (haki ya uvumbuzi) ya kaiti isiyo na kijiti hata kimoja, na mojawapo ya zile za mwanzo Gertrude aliishona kwa kitambaa cha pazia. Miaka ya 1960 NASA ilitaka kulitumia bawa la Rogallo kukirudisha chombo cha wanaanga cha Gemini nchi kavu, badala ya kukitosa baharini kwa miavuli. Mpango huo uliachwa mwaka 1964. Upande mmoja wa ukoo ukatiwa fito za alumini, ukazaa vile vyombo vya kurukia kutoka milimani ambavyo mtu hujining'iniza chini yake. Upande wa pili, ule laini kabisa, uliendelea kujaribiwa kama mwavuli wa kuongozwa. Baadaye sana watu wa Ulaya wakavichukua vipimo kwenye ripoti za NASA, wakashona kwa cherehani za nyumbani, wakafunga vishikio. Kushona kitambaa kimoja ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kushona mifuko ishirini.

Kwa hiyo mkononi una mwavuli unaovuta. Kazi ya mwavuli huo tangu mwanzo ni kubeba mzigo na kushuka nao kwa utulivu.

Hesabu yake ni fupi. Mbawa laini za aina hii zina uwiano wa kunyanyua na ukinzani (nguvu ya kupandisha ukiigawa kwa nguvu ya upepo inayorudisha nyuma) wa kati ya 2 na 3. Chukua 2.5: kaiti iliyotulia juu, ukiacha uzito wake, itasimama pale kamba zinapofanya pembe ya nyuzi 68 hivi kutoka ardhini. Kaiti ya mifuko yenye uwiano wa 5 itafika karibu nyuzi 79. Hizo nyuzi 11 ndizo unazozipigania bure. Unaposema "juu ya kichwa", unaidai NPW5 mahali isipoweza kufika. Kulia na kushoto ni vivyo hivyo, eneo lake la kurukia angani ni jembamba kuliko ulilolizoea. Geuza kaiti mapema, kabla kamba hazijaanza kulegea. Ukichelewa na kuona mdomo wa mbele unatetemeka, vuta breki zote mbili kidogo, rudi nyuma hatua mbili tatu, pua itafunguka yenyewe. Usikimbilie mbele! Ukikimbilia mbele unaipunguzia kaiti upepo wakati inauhitaji kuliko wakati wowote.

Sasa marekebisho. Funga kamba zote nne kwenye nguzo, zivute kwa nguvu sawa, linganisha. Kamba kuu mbili ziwe sawa sawa, na za breki vivyo hivyo. Kisha fupisha breki kwa kusogeza fundo sentimita 3 kwa mara moja, ujaribu kurusha, urudie. Unatafuta hali ambayo mikono imetulia, vidole gumba juu, na ukingo wa nyuma umevutwa kidogo tu. Ukipitiliza utajua mara moja: kaiti itagoma kupanda, au itarudi kinyumenyume. Hapo legeza fundo moja.

Kama bado inajikunja, nenda kwenye vikamba vya chini. Ramani ya mshonaji si lazima. Ikunje kaiti katikati, kushoto juu ya kulia, ulinganishe kila kikamba na pacha wake. Angalia zaidi vya pua. Kikamba kilichokatika kikaungwa kwa fundo kinakuwa kifupi, nacho kinaivuta pua chini hata breki zikiwa sawa. Kwenye kaiti za mkono wa pili mimi huanza kutafuta mafundo kabla sijatafuta kitu kingine. Kikamba kama hicho badilisha kizima, usiongeze kipande, na usitumie nailoni ya kuvulia samaki, maana inanyumbuka na vipimo vyako vitakuwa vimebadilika kesho yake.

Kuhusu kuburuzwa, jua mambo mawili. Upepo ukiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Anayecheza vizuri kwenye mita 5 kwa sekunde asijipime kwenye 10 kwa kaiti ileile. Na kaiti inayokatiza katikati ya eneo lake inajitengenezea upepo wake mwenyewe juu ya ule uliopo, kwa hiyo inavuta kuliko ikiwa imetulia, mara kadhaa zaidi. NPW5 ina tabia ya kuvuta ikienda polepole, bila kelele, na mtu hudanganyika. Isiinuliwe kwa mara ya kwanza katikati ya upepo ukiwa umenyoosha magoti. Ilaze chali, ukingo wa nyuma ukuelekee wewe na uumwagie mchanga kidogo, kisha vuta kamba kuu taratibu huku umekaa mkao wa kuegemea nyuma. Kuishusha ni kuvuta breki zote mbili kwa usawa mpaka itue kwa kinyumenyume. Hili inalifanya kwa upole kuliko kaiti nyingi mpya.

Baharini usiingie nayo. Wewe ni mtu wa Paje, unajua ngalawa inabisha vipi. Kaiti hii haibishi. Haikai pembeni vya kutosha kukurudisha joshini, upande upepo unakotoka, kwa hiyo kila ukianza utaishia demani, upande upepo unakoelekea, ya pale ulipoanzia. Vishikio navyo havina namna ya kupunguza nguvu ghafla kama baa ya kaiti ya bomba. Ikianguka majini haina hewa ndani ya kuishikilia juu, kitambaa kinalala, kinagandamana na maji, na vikamba vyote vile vinakuzunguka miguu. Mara kwa mara naulizwa kama inawezekana "kwa maji ya magoti tu". Maji ya magoti yanatosha kumzamisha mtu aliyefungwa na kamba.

Pahali pake ni mchangani maji yakitoka. Pale kwenu bamvua likikupwa unapata uwanja mpana na mgumu, hata mkokoteni wa magurudumu matatu unakwenda. Lakini upepo wa kusi na wa kaskazi yote huingia kwa mshazari kuelekea ufukweni, maana yake demani yako ni watu, hoteli na minazi. Anzia mbali, nje kabisa, na uhesabu urefu wa kamba juu ya nafasi utakayoburuzwa. Huko nje kuna mashamba ya mwani: kamba yenye mvuto inakata ngozi, na vijiti vya mwani vinakata kaiti. Kaa mbali na akina mama wakiwa kazini, na uangalie saa ya maji kurudi.

Kitu kimoja cha kununua au kushona mwenyewe: vitanzi viwili vya mkononi, kila kimoja kimefungwa kwenye kamba ya breki ya upande wake. Ukiachia vishikio, mvuto wote unahamia nyuma ya kaiti, nayo inalala chini ikipepea huku ikiwa bado yako. Bila vitanzi, ukiachia inakwenda na vishikio vyake kichwani mwa mtu. Na usijifunge kiunoni kwa namna yoyote mpaka kuachia kuwe mazoea ya mikono.

Ukisharudisha breki na kukagua vikamba, na pua bado inajikunja ukiwa katikati ya eneo, piga picha ya kaiti ikiwa imelazwa chali, uandike urefu wa vikamba vya pua vya kushoto na kulia, unitumie.