Mahali pa hadithi ni pale watu wanapokwama

Wiki hii dada mmoja wa Masasi amenitumia ujumbe wa sauti, mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Ananisoma tangu enzi nagawa hadithi bure. Ana riwaya yake ya mapenzi na mauaji, imefika katikati imegoma, na sasa anafikiria kuhamia kwa shangazi yake Dar es Salaam, "maana huku kwetu dada hakuna pa kuandika, ni mawe na mikorosho tu."

Mawe na mikorosho! Nilicheka, halafu kikanichoma. Maneno ya namna hiyo nimeshaambiwa, tena na mtu ambaye kazi yake ni vitabu. Ngoja niliseme, limenikaa muda mrefu. Nilipomaliza riwaya yangu ya kwanza niliipeleka kwa mchapishaji mmoja wa Dar, jina kapuni. Ilikuwa hadithi ya Mikindani: mke wa nahodha, daktari mgeni mjini, na maiti iliyonasa kwenye mikoko. Aliisoma yote, hilo simnyimi. Akaisifu. Kisha akasema niihamishie Masaki, kwa sababu Mikindani nani anaijua, msomaji anataka ghorofa, hoteli ya ufukweni na gari la vioo vyeusi. Nikamuuliza maiti italalaje nje usiku kucha Masaki kusiwe na mlinzi hata mmoja wa kuiona. Akanijibu hiyo ni kazi yangu mwandishi.

Nikachukua flashi yangu nikapanda basi kurudi kusini. Kutoka Nangurukuru mpaka Mnazi Mmoja, ile ya Lindi, nilikuwa nalia nimejifunika mtandio, mama niliyekaa naye akidhani nimefiwa, akawa ananipa pole na machungwa. Mpaka leo nikiona jina la yule bwana gazetini nafunua ukurasa mwingine.

Hapo katikati kuna miaka ya kuandika bila kulipwa. Hamtaki kuisikia na mimi sina hamu ya kuisimulia. Hadithi ile ile ya Mikindani, bila kuhamishwa hata mtaa mmoja, niliiuza mwenyewe kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, na imesomwa mpaka na dada zetu wanaofanya kazi Muscat. Mwezi uliopita nimemaliza hadithi nyingine, Pantoni ya Mwisho, na siku ya sehemu ya mwisho simu iliita mpaka nikaizima. Sisemi kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

Siri yangu ni moja na nitairudia mpaka muichoke. Wanaoanza wanatafuta mahali pazuri. Mimi natafuta mahali panapokwamisha. Taharuki inataka mtu ashindwe kuondoka. Mapenzi yanataka wawili washindwe kukwepana. Ukipata mahali panapofanya yote mawili, acha kutafuta, kaa uandike.

Chukua Feri ya hapa Mtwara. Ng'ambo ni Msangamkuu, unaiona, siku ya jua safi unahesabu minazi. Pantoni inavusha watu, baiskeli, bodaboda, ndoo za samaki, bibi harusi na vyombo vyake. Jioni ikishavusha mara ya mwisho, basi. Msangamkuu si kisiwa, ni rasi, kwa hiyo njia ya nchi kavu ipo, lakini ni mzunguko wa kumtosha mtu kujuta. Mitumbwi nayo ipo, ila mtumbwi una mwenyewe, na mwenyewe ana mke, na mke ana mashoga zake. Hapo sasa! Mwanamke wangu wa Pantoni ya Mwisho kavuka alasiri kumwona mwanaume asiyepaswa kuonekana naye, akaikosa pantoni ya kurudi. Sikuhitaji bunduki wala jambazi. Taa za mji zinawaka ng'ambo, mume wake yuko chini ya mojawapo, na katikati ni maji.

Nilikuwa nakwenda kukaa pale Feri na karanga zangu za kukaanga, natazama tu. Kuna kitu nilikiona ambacho nisingekibuni chumbani. Mgeni akisubiri pantoni anatazama bahari, anapiga picha. Mwenyeji hatazami bahari. Anasubiri ule mlango wa chuma ushushwe, ugonge sakafu ya gati, halafu anatazama nani anashuka na nani, na nani kabeba mfuko wa nani. Ni sekunde chache, kila mtu kimya, kisha salamu zinaanza kana kwamba hakuna aliyekuwa anachunguza. Sura yangu ya kwanza yote ni ule mlango unaposhuka. Hiyo ndiyo kazi, ndugu zangu. Kaa. Tazama. Usiende na kamera, nenda na karanga.

Halafu kuna maji yenyewe. Msomaji wa pwani hadanganyiki. Ukiandika mwezi mpevu halafu bahari imejaa saa nne usiku, umeshawapoteza wavuvi wote kuanzia Sudi mpaka Msimbati. Mwezi ukiwa mpevu, na ukiwa mwandamo, ndipo kuna bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na pwani yetu hii siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa kwenye saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50, ndiyo maana baada ya wiki, kwenye maji mafu yanayojaa na kupwa kidogo, saa zote zimeshageuka. Haya mama yangu aliyajua bila saa ya mkononi, kwa kwenda kuokota chaza. Mimi nimeyafanya mtaji. Maiti ya Mikindani ilifichwa saa nne usiku wa mwezi mpevu: ghuba imekauka, mtu anatembea kwa miguu kwenye tope mpaka mikokoni, anaona anapokanyaga bila tochi. Alfajiri maji yamerudi na nyayo hakuna. Masaki nako kuna bahari, najua. Kuna na taa, na kamera, na walinzi watatu kila geti.

Na mahali si ardhi peke yake, kuna msimu wake. Mtwara ya Juni, watu wanapulizia mikorosho salfa na mifuko imekauka, si Mtwara ya Novemba, hela ya korosho imeingia, watu wanaezeka, wanaoa, wanaachana. Hadithi yangu ya pili niliiweka Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kubeba. Mnakumbuka uhakiki? Kabla ya kulipwa, mwenye mzigo mkubwa anaulizwa shamba lake liko wapi na lina mikorosho mingapi. Sasa nani alikosa usingizi? Mtu wa kangomba, aliyenunua kwa wenzake kwa bei ya njaa, gunia kwa gunia, wakati yeye hana hata mche. Nikampa mtu wa kangomba mchumba, na mchumba nikampa kazi ya kuandika majina kwenye chama cha msingi. Wanapendana kweli, hakuna anayemtapeli mwenzake, ila daftari la bibie linajua. Baada ya hapo nilikuwa nawafuata nyuma tu.

Au Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mvua zikaikata barabara ya Dar upande wa Kilwa na mabasi yakakwama Somanga. Yalikuwa maafa, sitanii nayo. Lakini mwandishi akisikia abiria wamelala njiani, masikio yanasimama. Ndani ya lile basi kulikuwa na mtu aliyemuaga mkewe kwamba anakwenda Mwanza.

Watu wakijua naandika ya Lindi na Mtwara wananiletea historia. Weka mijusi ya Tendaguru, zile dinosaria, mifupa waliyoichimba Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913 wakaipeleka Berlin. Weka Boma la Mikindani la 1895, ambalo liligeuzwa hoteli. Weka Kilwa Kisiwani, Ibn Battuta alifika 1331. Vyote vizuri, na ile mifupa uchungu wake ninao. Ila ukiniambia mwaka boma lilipojengwa bado hujanipa mahali. Niambie mlinzi wa usiku akienda kuswali geti linabaki na nani, hapo nitavuta kiti.

Na jambo moja siandiki, msiniombe tena: vita vya ng'ambo ya Ruvuma, vya Cabo Delgado kule Msumbiji. Kitaya, kijiji cha upande wetu wa mto, ilivamiwa Oktoba 2020. Waliofiwa ni majirani zetu, tunakutana nao sokoni. Siwezi kuweka mabusu juu ya hilo kwa shilingi elfu moja kwa sehemu.

Sasa nikujibu, wa Masasi. Unakaa njia panda ya kusini nzima halafu unalia huna mahali! Hapo inapita barabara ya Tunduru na Songea, ya Newala, ya Nachingwea, ya Lindi na Mtwara, na hiyo ya Tunduru ukiiacha pale Mangaka unafika Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010, ng'ambo ni Msumbiji. Msafiri akichelewa basi analala Masasi. Atalala wapi? Gesti. Na gesti zetu zote zina lile daftari kubwa lililochakaa jalada: jina, kabila, atokako, aendako, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi. Nenda ukae mapokezi na mtu unayemfahamu, jioni moja tu, uone watu wanavyoandika. Mwanaume anaandika haraka, mwanamke amesimama pembeni anatazama mlango, na jina lake haliandikwi, au linaandikwa "na mke". Anayeandika "na mke" mkono unatulia au unatetemeka? Aendako kaandika Newala, mbona kauliza basi la Tunduru? Asubuhi polisi wakija wakaomba daftari, nani kati ya wale kumi anaomba Mungu? Hadithi yako imegoma kwa sababu watu wako wanaweza kuondoka saa yoyote wakitaka. Wanyime basi.

Ukihamia Dar utaandika hadithi ambayo wameshaiandika wenye Dar yao, tena vizuri kuliko wewe. Nawaambia na wengine mnaonitumia sura za kwanza zenye "jumba la kifahari Mbezi Beach" wakati mnaishi Ruangwa: mmewahi kuingia? Sebule ina nini? Mlango wa uani unafungukia wapi? Hamjui, ndiyo maana kila jumba lina kochi jeupe na ngazi ya kuzunguka. Vijana, tuache uvivu huu. Mwandishi hakai kitandani akasubiri mtandao umletee picha. Panda bodaboda, panda pantoni, nenda mnadani, nenda msibani ukae na wanawake jikoni, usikilize. Nauli ya kuvuka kwenda Kitunda pale Lindi haizidi bando unalomaliza kwa siku kutazama watu wanacheza. Nasema kwa ukali kwa sababu nawapenda, na kwa sababu kila mtoto wa kusini anayehamishia hadithi yake Masaki anamfurahisha yule bwana wa flashi yangu.

Mnauliza pia visa navitoa wapi. Nina kibanda cha steshenari karibu na soko. Usiku ndio naandika, kwa simu, maana kompyuta ni ya wateja. Mchana nachapa mikataba ya kuuziana viwanja, barua za kuomba kazi, barua za kuomba radhi ukweni, natoa kopi za talaka. Hapo kuna riwaya za kunitosha mpaka uzee. Utaratibu wangu ni huu: tukio nikilichukua kwa mtu wa kweli, nalihamisha mji. Mahali nikipaacha palipo, watu nawabuni. Ukiviacha vyote viwili vya kweli huo ni umbea, na umbea haulipwi.

Kuna mzee alikuja kuchapisha mkataba wa kiwanja, mnunuzi yeye, jina la mmiliki mwanamke ambaye si mkewe, akaniomba nisimsomee kwa sauti. (Hata hapa nimeshabadilisha vitu, msihangaike kuhesabu wazee wa Mtwara.) Nikampeleka Nachingwea, nikampunguzia umri, kiwanja nikakigeuza mashine ya kusaga. Hadithi inaendelea hivi sasa, na mke wa yule mzee ni msomaji wangu. Jumatatu alipita kibandani kutoa kopi ya kitambulisho, akasimama pale mlangoni analalamika kwamba yule mwanaume wa Nachingwea ni mshenzi, na mkewe mjinga, mbona haoni, na sehemu inayofuata inatoka lini.

Nikamwambia Alhamisi, elfu moja na ya kutolea.