Kabla hujaweka Windows na Linux kwenye laptopu moja

Kwenu mnaoanza ufundi wa kompyuta: mteja akija anataka mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, ikae pamoja, usikimbilie flashi ya kusakinishia. Muulize kwanza, mafaili yako mengine yako wapi? Akijibu "yote yamo humu humu", mrudishe akatafute hadidisiki ya nje ya kuwekea nakala.

Mimi sikuuliza. Ilikuwa Wandegeya, hapa Kampala, laptopu ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, bateri imekufa, inaishi kwa waya wa ukutani. Nikaanza kupunguza partisheni ya Windows, yaani sehemu yake ya diski, nipate nafasi ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Kazi ilipofika nusu, umeme ukakatika. Hata muuza rolex, chapati ya mayai, wa mlangoni akawasha tochi ya simu. Partisheni inapopunguzwa, mafaili ya mwishoni huhamishwa kwenda mbele, kwa hiyo ukikatizwa njiani, baadhi yako pale, baadhi pale. Tuliokoa sura tatu za tasnifu yake, zilizobaki akaziandika upya. Siku hizi bateri ikiwa mbovu sigusi partisheni, hata mteja akinuna.

Lakini kinachowaumiza wengi huja kimyakimya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kuzima, kwa kawaida Windows haizimi kabisa, inajilaza. Huhifadhi hali yake kwenye faili la hiberfil.sys na kuiacha diski kana kwamba bado inaitumia. Ukiingia Linux ukafungua diski hiyo, mara nyingi utaweza kusoma tu, kuandika utakatazwa. Mgeni hukasirika, akatafuta amri ya kulazimisha. Usilazimishe! Windows ikiamka itafuata kumbukumbu zake za jana ilhali diski ina mambo ya leo, na mafaili yanaharibika hapo. Ndani ya Windows fungua CMD, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha uzime upya.

Laptopu za mtumba tunazouziwa Kampala zina mtego mwingine, BitLocker, usimbaji wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo. Ukibadilisha mpangilio wa kuwasha, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo huenda uko kwenye akaunti ya mwenye mashine wa kwanza, ambaye hata hamjui. Kama usimbaji umewashwa, uzime na usubiri umalize kabla ya kugusa chochote.

Saa nayo itawachanganya. Linux huandika saa ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwenye ubao mama, Windows huisoma kama saa ya hapa, basi saa nne asubuhi inaonekana saa moja. Si ugonjwa. Ndani ya Linux andika timedatectl set-local-rtc 1.

Na hata ukifanya yote sawasawa, sasisho linaweza kukuvurugia. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilizifanya kompyuta nyingi za mifumo miwili zigome kuwasha Linux. Ndiyo maana mwanafunzi anayetaka kujaribu amri za darasani tu, mwenye RAM ya GB 8, mimi humwekea VirtualBox, programu ya kuendesha Linux ndani ya Windows, akaenda zake.

Mwenye kung'ang'ania mifumo miwili, mwambie hili kabla hajaondoka: akiichoka Linux, asiifute partisheni yake akiwa ndani ya Windows. GRUB, programu ya Linux inayokuchagulisha mfumo wa kuwasha, itabaki bila mafaili yake, na kesho yake atakuta skrini nyeusi imeandikwa grub rescue. Atakupigia simu saa tano usiku, na lazima atakuwa na kazi ya kuwasilisha asubuhi.