Muziki wa filamu unaojitosheleza bila picha

Ndugu yangu, umeuliza ni muziki gani wa filamu unaoweza kusikilizwa peke yake, bila kutazama picha. Kwangu mimi ni ule ambao Ennio Morricone aliutunga kwa ajili ya Once Upon a Time in the West, filamu ya mwaka 1968 iliyoongozwa na Sergio Leone. Ulitungwa kabla ya upigaji picha kuanza, ukawa unapigwa hapo hapo kazini ili waigizaji watembee kwa mwendo wake. Ndiyo maana picha ndiyo inayoufuata muziki. Sikiliza kinanda cha mdomo: noti chache tu, zinazovutwa kama pumzi ya mtu anayekabwa, kisha gitaa la umeme linaingia kwa ukali na kuzifunika. Huwa nausikiliza jioni hapa Dodoma, upepo wa kiangazi ukipeperusha vumbi uani, na kila mara mwili hunisisimka. Ule wa The Lion King wa mwaka 1994, kazi ya Hans Zimmer, nao ni mzuri, ingawa tumeuzoea mno. Ukimaliza, tafuta rekodi za marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wetu, akipiga ilimba, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba; hakuna filamu humo, lakini utaiona nchi kavu ya Ugogo mbele yako.